Mbwa Aliyenyunyiziwa Maji

Hasira yangu haijapoa, na sioni sababu ya kuipoza. Hapa Umwe watu bado wanasimulia kwamba mbwa wetu aliponywa na maji. Maji! Mimi ndiye niliyelowa damu yake mpaka kwenye viwiko, nami nitasema kilichomponya.

Alikuwa mbwa wa shamba. Ndani haingii, na mate yake yakikugusa unaosha kwa udongo, kama dini inavyotaka. Lakini bila yeye nguruwe pori wangemaliza mpunga wetu, nasi tungekula nini? Asubuhi moja nguruwe alimchana paja. Nilimkuta chini ya dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga, damu inaruka. Nikamfunga mdomo kwa ukanda wa kaniki, maana mbwa mwenye maumivu huuma hata anayemlisha, kisha nikainua mdomo wa juu nitazame ufizi. Ulikuwa mweupe. Nikaubonyeza kwa kidole, wekundu haukurudi. Alikuwa anakufa.

Hapo akatokea ami yangu, mdogo wake baba. Siku zile dawa ya vita ilikuwa imeenea vijijini, maji ya kugeuza risasi za Wajerumani. Ami alikuwa amekunywa, na yaliyobaki akamnyunyizia mbwa.

“Mwache,” akaniambia. “Huyo kanyunyiziwa. Ukimfunga kitambaa umeitilia shaka dawa, utatuharibia sote.”

“Ami, dawa si ya risasi? Nguruwe ana bunduki?”

Akaniita mkaidi, akaniita najisi. Nilikunja kaniki, nikaikandamiza juu ya jeraha kwa uzito wangu wote, na kila ilipolowa niliongeza kitambaa juu yake bila kuifunua. Mikono ilikufa ganzi. Damu ilipokoma nikafunga vizuri, nikamfungua mdomo aheme. Jioni ufizi ulikuwa umepata wekundu na mbwa akasimama.

Kaka yangu alirudi kutoka kwenye pamba ya Mjerumani, alikolimishwa kwa viboko. Kwa muda mrefu alikuwa anasitasita kunywa yale maji. Ami akamshika mkono, akamwonyesha mbwa.

“Unaona? Damu imekoma yenyewe.”

Nilipiga kelele kwamba haikukoma yenyewe, niliizuia mimi, kwa mikono yangu hii! Kaka akacheka.

“Dada, kitambaa chako kishindane na dawa ile?”

Kesho yake akanywa, akaenda vitani.

Wenzake waliorudi walitusimulia bila haya. Risasi ilimpata mkononi, si kifuani. Alikaa chini akiegemea mti, anazungumza nao, damu inamtoka. Kila mmoja wao alikuwa na nguo mwilini, na hakuna aliyechana hata kipande kumfunga. Walikuwa wanangoja damu ikome yenyewe.