Tata Aliyeoga kwa Hewa

Kwa miaka miwili niligombana na mtu mmoja kila alasiri, saa ileile, kwa jambo lilelile, na hata leo nikikumbuka naanza kuchoka upya.

Mimi ni fundi wa motere katika kiwanda kimoja cha kusafisha madini, nje kidogo ya Kolwezi. Motere za umeme zinazozungusha pampu na mikanda huletwa kwetu zimejaa vumbi na tope. Tunazifungua, tunazipuliza, tunaosha nyaya zake, tunazikausha, tunazifunga, zinarudi kazini. Kazi yote hiyo inategemea hewa. Inasukumwa na kompresa kubwa iliyo nyuma ya ukuta, inapita kwenye bomba, inafika ndani ya atelie, karakana yetu, kwa mpira mrefu mwekundu wenye kifaa cha mkononi kinachofanana na bastola. Sisi tunakiita suflete. Ukikibana kinatoa hewa kwa nguvu ya kubandua rangi ya zamani kwenye chuma.

Na kila mtu kiwandani alikuwa na haja yake na suflete yangu. Madereva walileta vichujio vya malori; haya, hiyo ni kazi. Lakini yuko aliyekuja kukausha viatu. Karani wa bohari alileta kibodi ya kompyuta iliyojaa makombo ya mkate, akasimama akinisubiri kama mtu aliyepanga foleni. Ndani ya kabati kubwa la umeme tulikuwa tumefunga kibomba kinachopuliza hewa baridi, ili vifaa visichemke kwa joto la mwezi wa kumi. Siku moja nilifungua kabati nikakuta chupa tatu za soda zimepangwa mbele ya ule upepo. Nikazitoa. Kesho yake zilikuwa nne.

Kisha maji. Hewa ikibanwa hutoa maji, na wakati wa mvua hutoa mengi, kwa hiyo kila asubuhi lazima mtu afungue koki chini ya tangi la kompresa yamwagike. Ni kazi ya dakika moja. Niliandika tangazo kwa Kifaransa, nikaandika kwa Kiswahili, mwisho nikachora picha ya koki na mshale. Baada ya siku mbili nililikuta tangazo limegeuzwa, na nyuma yake mtu ameandika majina ya wachezaji wa timu ya Jumamosi. Asubuhi ngapi nimeelekeza suflete kwenye motere niliyoikausha siku nzima, ikaitemea maji!

Lakini hao wote niliwaweza. Niliyeshindwa naye ni tata mmoja, kama tunavyomwita kwetu mwanaume wa umri wa baba, fundi wa pampu.

Alikuwa na miaka karibu sitini. Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, na ukoo haukurudi tena. Mtu mrefu, mpole, shemasi kanisani kwao, asiyewahi kupaza sauti hata pampu ilipomrushia tope usoni. Watu walimheshimu. Mimi pia nilimheshimu, mpaka saa tisa na nusu. Saa tisa na nusu, shifti yake ikiisha, alikuja atelieni kwangu, akavua kofia ya chuma, akachukua suflete, akafumba macho, akaanza kujipuliza. Shingo, mabega, kifua, mikono, akashuka mpaka miguuni. Salopeti yake, ovaroli ya kazi, ilijaa hewa ikavimba, na vumbi la siku nzima liliruka likaja kutua juu ya motere zangu zilizo wazi.

“Tata, hapana! Motere iko wazi hapa!”

“Nakusikia, mama. Dakika mbili tu.”

“Hii hewa inaweza kukuingia mu jicho. Inaweza kukupasua sikio.”

“Mama, mi niko na miaka makumi tatu natumika na hewa. Sikio iko tu pale.”

Nilificha mpira, alinisubiri mlangoni mpaka nikarudi, akaniomba kwa adabu nimpe. Nilifunga valvu, alijua ilipo, akaifungua. Nilikwenda kwa shefu wetu, mkuu wa atelie. Shefu akaondoa macho kwenye simu yake kidogo, akasema, “Ule ni muzee, mama. Umuache.” Nikatoka pale nimekasirika kuliko nilivyoingia.

Mwishowe watu wa usalama walituletea mdomo mpya wa suflete, mfupi, wenye matundu pembeni. Hata ukiuziba kwa kidole, hewa inatokea pembeni bila kukudhuru. Wanaume wakaucheka, wakasema ni wa kupoza uji. Mara tatu niliukuta umefunguliwa na kurudishwa ule wa zamani, bomba refu lililonyooka. Mara tatu niliufunga upya kwa spana, nikaapa kwamba nitakayemkamata atanitambua.

Sasa nieleze nilichofanya mimi.

Ilikuwa katikati ya mvua. Motere ya pampu moja kubwa ilizama kwenye maji, na bila pampu ile sehemu nzima ya kiwanda ilisimama. Shefu alikuja mlangoni kila baada ya robo saa. “Mama, motere?” Nikamwambia inakuja. “Mama, motere?” Koki ya kompresa haikufunguliwa asubuhi, kama kawaida, kwa hiyo kwanza nilikwenda mwenyewe kumwaga maji, nikarudi nimelowa miguu. Kisha ule mdomo mpya haukuwa na nguvu ya kufukuza maji yaliyojificha katikati ya nyaya. “Mama, motere?” Nikachukua spana, nikautoa, nikafunga lile bomba refu. Nilijiambia nitaurudisha nikimaliza.

Motere iliondoka saa nane. Nilikaa chini, nikala bukari yangu, ugali uliokwisha kupoa, nikanyoosha miguu. Mdomo mpya ulikuwa kwenye mfuko wa salopeti yangu, nami nikausahau.

Saa tisa na nusu tata akaingia. Nilimwona. Ile siku mdomo wangu ulikuwa umechoka kusema. Nikafikiri moyoni: ajipulize, ajipulize mpaka aruke, mimi si mama yake. Nikageuza uso.

Asubuhi alikuwa amejikata mgongo wa mkono wa kushoto kwenye ukingo wa pampu, na muuguzi alikuwa amembandika plasta. Alipofika kwenye mikono alisogeza suflete karibu, ili apulize ndani ya mkono wa salopeti. Ncha ya bomba ikagusa plasta.

Sikusikia yowe. Nilisikia suflete ikianguka sakafuni. Nilipogeuka alikuwa ameshika mkono wake anautazama, nao ulikuwa unavimba mbele ya macho yetu, mgongo wa mkono, kisha kifundo, vidole vimekaza vikashindwa kukunjika. Nilimshika. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kinachotatarika kila nilipobonyeza, kama karatasi ya pipi.

“Mama, ni nini hii?”

“Ni hewa, tata. Hewa imeingia mu ngozi.”

“Itatoka?”

Sikujua. Miaka yote ile nimepiga kelele kuhusu hatari ya hewa, na kumbe sikujua hata jibu la swali hilo moja. Nikamwambia itatoka.

Zahanati ya kiwanda ilimpa dawa ya maumivu ikamweka kwenye gari. Nilipanda naye. Njiani uvimbe ulipita kifundo ukaelekea kiwiko, na kila gari liliporuka kwenye shimo alivuta pumzi kwa meno. Pale hospitali ya mjini daktari alibonyeza mkono, akaita mwenzake naye abonyeze. Wakasema watamlaza, wampe dawa za kuzuia uchafu ulioingia pamoja na hewa, na mambo mengine ni kungoja mwili uinywe ile hewa pole pole.

Kesho yake nilikwenda kumwona. Usiku mzima nilikuwa nimepanga maneno. Babangu, mfanyabiashara wa malori aliyetoka Maniema, alitufundisha kwamba kosa lako ulitamke mwenyewe kabla mwingine hajalitamka, kwa hiyo nilitaka niseme mara tu nitakapoingia. Lakini pembeni mwa kitanda alikuwa ameketi mke wake, mama mdogo wa umbo mwenye kitambaa cha kanisa kichwani, na kabla sijamaliza salamu yeye ndiye aliyeanza.

“Ni mi, mama. Ni mi nilimukataza kuingia mu nyumba na ile vumbi.”

Walikuwa wanaishi na mjukuu wa kike mwenye kifua kibovu. Daktari aliwaambia vumbi la mgodi lisikanyage ndani ya nyumba ile.

“Zamani alikuwa anaoga ku kazi,” alisema, “anavaa manguo ya safi, anakuja. Dushi za kuogea zikakauka. Nikamuambia, sasa utafanya namna gani? Akasema usiogope, mu atelie kuko hewa.” Akamgeukia mumewe. “Na mi sikujua ni hewa ya namna hii! Ungeniambia ni hewa ya namna hii!”

Tata alitazama dari.

Miaka miwili. Kila alasiri nilimwuliza tata yule kama ana masikio, kama ana akili, kama anataka kufa. Sikuwahi kumwuliza kwa nini anajipuliza. Naye kwa upole wake wa kuudhi hakuwahi kunieleza! Nilitaka kumtikisa palepale kitandani, na mkono wake ukiwa umening'inizwa.

Badala yake nikasema langu. Niliwaambia kwamba mdomo wa usalama niliutoa mimi, kwa mkono wangu, na kwamba ulikuwa mfukoni mwangu wakati yeye anaumia.

Tata akasema, “Mama, kidole yenye ilibana ilikuwa yangu.” Kisha akaomba maji ya kunywa. Mke wake akampa, bila kunitazama. Nilikaa kidogo, nikaaga. Mpaka leo mama yule ananisalimia, lakini kwa kifupi.

Jumatatu nilikwenda kutafuta ni nani aliyeacha dushi za wafanyakazi zikauke miaka miwili. Nilikuwa na hasira ya kutosha watu kumi. Watu wa usafi walinituma kwa watu wa majengo. Watu wa majengo wakasema bomba ni zima, tatizo ni pampu, nenda kwa watu wa pampu. Kule nilimkuta rafiki wa tata, naye akacheka, kicheko cha mtu asiye na raha.

“Pampu ni nzima, mama. Ni motere yake ndiyo ilikufa. Tulipeleka mu atelie.”

“Atelie gani?”

“Ya kwenu.”

Nilimwambia anasema uongo. Nilirudi kumtafutia ushahidi kwamba anasema uongo. Nyuma kabisa, kwenye rafu ya chini, chini ya maboksi ya bearingi, kulikuwa na motere ndogo ya kijani, ukubwa wa sufuria ya kupikia maharage ya watu sita, imefunikwa vumbi. Shingoni ilikuwa na kadi. Juu ya kadi: dushi, imeingia maji, ikaushwe. Chini yake, kwa mwandiko wangu, mwandiko ninaoujua kuliko uso wangu: haina haraka.

Nilikaa juu ya boksi. Hasira yangu ya watu kumi ilikuwa bado iko nami, wala sikuwa na wa kumpa.

Najua ilivyotokea. Wiki ile ilipoletwa kulikuwa na motere ya mkanda, wiki iliyofuata ya pampu, kisha nyingine, na kila mara shefu mlangoni. Hakuna aliyesimama mlangoni kuulizia dushi. Motere ile haikuhitaji hata nyaya mpya. Niliifungua, nikaipuliza kwa mdomo wenye matundu, taratibu, nikaiosha, nikaiweka chini ya taa za joto mpaka kesho yake mchana, nikabadilisha bearingi mbili. Kazi ya siku moja na nusu. Lile bomba refu la zamani nililikata vipande vinne kwa msumeno wa chuma, na shefu aliponiuliza ninafanya nini nilimwambia asinisemeshe.

Maji yalirudi dushini siku ya Alhamisi. Yalitoka mekundu kwa kutu, kisha yakatakata. Wanaume walipiga mayowe utadhani timu yao imefunga bao.

Tata alirudi kazini baada ya wiki tatu. Uvimbe ulikuwa umeisha, ingawa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto hakikunjiki vizuri asubuhi kukiwa na baridi. Siku ya kwanza, saa tisa na nusu ikapita hakuja. Nilijikuta nimeacha spana natazama mlango. Alifika karibu na saa kumi, amevaa shati safi, taulo shingoni, ananukia sabuni.

“Mama,” akasema, “asante kwa dushi.”

“Ni kazi, tata.”

Hakuondoka. Alijikuna kichwa, akatazama huku na huku kwa ile adabu yake.

“Ila mama, ile maji iko baridi sana. Wenyewe hapa wananena eti kuko na motere ingine, ya kupashia maji moto.”

“Motere haipashi maji, tata.”

“Ni vile wananena. Eti iko kwenu mu rafu.”

Nilimwambia aandike barua kwa administrasio, kwa Kifaransa, na ndani ya barua hiyo asitaje atelie. Alipotoka nilipiga magoti, nikaanza kuondoa maboksi ya rafu ya chini, moja moja, kuhakikisha.