Ushuhuda wa Baba, Sikio la Mama

Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa kujitolea katika mtaa wetu wa Kilutheri, juu kidogo ya Olmotonyi, pale mashamba ya mahindi na migomba yanapokoma na msitu wa kupandwa unapoanza. Kabla ya uinjilisti alikuwa mlevi. Hakuna mtu aliyejua la kwanza bila kujua la pili, maana yeye mwenyewe aliyasimulia yote mawili kila alipopewa nafasi ya kusimama mbele za watu.

Ushuhuda wake ulikuwa na mpangilio. Alianza na kilabu cha pombe ya ndizi kilichokuwa kando ya njia ya msituni, akaja kwenye kazi ya kupasua mbao aliyofukuzwa kwa ulevi, kisha akashusha sauti na kusimulia jioni aliyorudi nyumbani akakuta chakula kimepoa. Alimpiga mama kibao cha sikio, mama akaangukia mafiga. Akifika hapo alinyoosha kidole upande wa mabenchi ya wanawake.

"Yule pale mke wangu," alisema. "Sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo. Ni mkono huu uliolizima. Na mkono huu huu leo umeshika Biblia. Bwana asifiwe."

Watu walijibu amina, wengine wakilia. Wanawake waligeuka kumtazama mama. Yeye aliinamisha kichwa, akanyoosha kitambaa chake ambacho hakikuwa na kasoro yoyote, akangoja mambo yaishe. Mimi nilikaa pembeni yake na mdogo wangu. Nilikuwa binti wa shule ya msingi, na tayari nilishachukia sehemu ile ya ibada kama mtoto anavyochukia dawa ya minyoo.

Sitaki kumsingizia mzee. Aliokoka kweli. Nakumbuka alivyorudi kutoka kwenye mkutano wa injili, akamwaga pombe iliyokuwa ndani, akapiga magoti peke yake kwenye zizi la ng'ombe kwa sababu aliona haya kuomba mbele yetu. Tangu siku ile hakumgusa mama tena kwa ubaya. Alilima, alisomesha, alirudi mapema. Watu wa kule kwetu, ambao hawadanganyiki upesi, walimwona na wakaamini. Walevi wenzake kadhaa waliacha pombe kwa kumtazama tu, kabla hajafungua kinywa.

Angeishia hapo ningekuwa na baba wa kujivunia. Lakini walimpa kipaza sauti.

Alialikwa mitaa ya jirani, halafu sharika za mbali, halafu mikutano ya mjini ya viwanjani. Kadiri alivyosafiri ndivyo alivyotia chumvi. Gauni la mama likachanika. Mimi na mdogo wangu tukakimbilia msituni kujificha, jambo ambalo halikutokea. Mwisho likaingia panga. Jumapili moja, baada ya kumsikia akilisimulia lile panga, nilimfuata mama jikoni akimenya ndizi. Nikakaa upande wake wa kulia kama tulivyozoea.

"Yeyo," nilimwuliza, ndivyo tulivyomwita mama kwa lugha ya nyumbani, "kulikuwa na panga?"

"Hapakuwa na panga."

"Mbona anasema lilikuwepo?"

Alimenya ndizi nyingine kabla ya kujibu. "Labda kwa wanaosikiliza, mkono peke yake hautoshi."

Sikumwona akilia kwa habari ile. Lakini alianza kuchelewa kanisani makusudi ili akae nyuma, na baba akaanza kumtafuta kwa macho na kumwita aje mbele. Mbaya zaidi ilikuwa sokoni. Mama aliuza maparachichi na maharage mjini, na wateja waliokuwa wamehudhuria mikutano walimtambua. Nilikuwepo siku mwanamke mmoja, mtu asiyemjua kabisa, alipoinama juu ya maparachichi, akamshika sikio kwa vidole viwili kama anayekagua mbuzi, akasema, "Ndilo lenyewe hili? Mungu ni mkuu." Mama alimpimia maharage yake, akamwambia karibu tena.

Yeye mwenyewe hakuwahi kusimama kanisani kutoa ushuhuda. Alisema hana maneno. Alichokuwa nacho ni jiko. Mtu akifiwa, mama alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mwanamke wa jirani yetu, ambaye hakuwa mtu wa kanisa na mume wake alikuwa akimpiga, alijua kwamba mlango wa jiko lile haufungwi. Alikuja na uso umevimba, mama akamkanda kwa maji ya moto, akamlaza, akamlisha. Siku alipovunjwa mkono, mama alimpeleka hospitali na kukaa naye kwenye benchi mpaka alipofungwa hogo la plasta. Hakumhubiria. Miezi baadaye yule jirani alijitokeza kanisani mwenyewe, akabatizwa. Siku ya ubatizo mzee wa kanisa alitangaza kwamba hayo ni matunda ya ushuhuda wa mwinjilisti wetu. Baba aliinua mkono kuonyesha kwamba sifa ni za Bwana. Jirani alimtazama mama, mama akamtikisia kichwa asiseme kitu.

Miaka ikapita. Mimi nikaolewa, nikahamia Terrat, nikawa fundi cherehani. Nilipokuwa nikienda nyumbani kusalimia, mama alinieleza habari za jirani kwa kifupi. Kubatizwa hakukumsaidia kwa mume wake. Halafu siku moja nilimkuta mama amekaa jikoni bila kazi, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Jirani alikuwa amelala kwenye kitanda changu cha zamani. Safari hii lilikuwa jicho.

Mama alinisimulia polepole. Yule mwanamume alikuwa amekwenda kumsikiliza baba kwenye mkutano, akarudi amefurahi. Mke wake alidhani ameguswa. Jioni alipompiga na yeye akamkumbusha mkutano, mume alicheka. Alimwambia kwamba hata mwinjilisti alipiga, tena mpaka sikio likafa, na leo anakaa meza ya mbele na wachungaji. Naye atatubu wakati wake ukifika.

"Nimeishi na hilo sikio nikidhani linaokoa watu," mama alisema. "Kama linaokoa, nikasema basi, liende. Kumbe ndiyo hivi."

Alimwendea baba siku ile ile, akamwomba aiache ile habari. Nilikuwepo. Hakumgombeza, aliomba kama mtu anayeomba ruhusa ya kwenda kuteka maji. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba shetani hutumia hata vitu vidogo kuzima ushuhuda, na kwamba roho za watu ni kubwa kuliko aibu ya mtu mmoja. Mama alisema sawa.

Mkutano wa Kisongo ulifanyika wakati wa kiangazi, kwenye uwanja wazi, vumbi likiruka kila gari lilipopita. Nilikwenda na mume wangu. Watu walikuwa wengi, kwaya zimevaa sare, na mhubiri mgeni alikuwa ametoka mbali. Baba alipopewa zamu alisema ushuhuda wake wote, na panga likiwemo. Kisha akafanya jambo ambalo nadhani mhubiri mgeni ndiye alimshauri. Alimwita mama jukwaani, ili watu wamwone na wasikie kwa kinywa chake jinsi Mungu alivyoiponya nyumba ile.

Mama alipanda. Alivaa kitenge cha umoja wa wanawake. Aliposhikishwa kipaza sauti alikishika mbali mno, kijana wa vyombo akamsogezea karibu.

"Bwana asifiwe," alisema, na uwanja ukajibu. "Ni kweli alinipiga. Panga halikuwepo. Ni kweli aliacha, na tangu hapo hajanipiga tena, namshukuru Mungu." Watu walianza kupiga makofi, akangoja watulie. "Anasema Mungu amemsamehe. Nami naamini. Lakini mimi hajaniomba msamaha. Hata mara moja. Amewaambia ninyi nyote, mimi hajaniambia."

Baba alitabasamu kama mtu ambaye hajaelewa lugha.

"Kuna mwanamke jirani yangu anapigwa," mama aliendelea, "na mume wake anasema hata mwinjilisti alipiga. Kwa hiyo naomba habari hii isisemwe tena mpaka iwe na mwisho wake. Ni hayo tu."

Mpiga kinanda alipewa ishara, kwaya ikaanza wimbo ambao haukuwa kwenye ratiba. Nilisukumana na watu nikaenda nyuma ya jukwaa. Mama alikuwa ameshuka, anatafuta kandambili yake moja iliyopotea vumbini. Aliniuliza kama nimekula.

Tulirudi Olmotonyi kwa gari la mtaa. Nyumbani, mbele yangu na mume wangu, baba alisema, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Nami nilidhani utanifunika, baba watoto," mama alijibu. "Leo, kabla hatujalala. Nilidhani ukisikia utaniambia."

Alisimama akimngojea. Mimi nilimtazama baba, na naapa niliona kinywa chake kikifunguka. Kilikuwa kitu chepesi, maneno mawili, alikuwa ameshayasema kwa Mungu kwa sauti kubwa katika nusu ya wilaya ile. Alichukua koti lake akaenda kuangalia ng'ombe.

Wiki iliyofuata wazee wa kanisa walikuja. Waliketi sebuleni, wakanywa chai ya mama, wakamweleza kwa upole mwingi kwamba kila jambo lina mahali pake. Mwanamke mwenye uchungu moyoni, walisema, hawezi kuongoza wenzake, kwa hiyo apumzike uongozi wa umoja wa wanawake mpaka apone. Hakuna aliyeuliza habari za jirani, ambaye wakati ule ule alikuwa jikoni akiosha vyombo walivyotumia. Kwenye ibada ya jumuiya waliomba ili roho ya uchungu imtoke mama. Baba ndiye aliyeongoza maombi hayo.

Kwa muda mialiko yake ilipungua. Kisha ikarudi, kwa kuwa alipata ushuhuda mpya. Sikio halikutajwa tena, hilo lazima niseme. Sasa alisimulia jinsi Bwana alivyomjaribu kwa mtu wa nyumbani mwake, jinsi alivyosimama peke yake aibu ilipomfunika, na jinsi alivyonyamaza bila kulipiza. Watu walilia kama zamani. Mama alikuwa amehama kutoka kuwa kosa lake akawa msalaba wake.

Mama aliendelea kwenda kanisani. Alikaa nyuma, akaimba. Jirani aliondoka kwa mume wake, na ni mama aliyemtafutia chumba karibu na kwangu na kunisihi nimfundishe cherehani. Nilimfundisha, akashika upesi. Mpaka leo tunashona pamoja. Mteja akimwuliza aliokokaje, hajui kupanga maneno. Anasema kulikuwa na mama mmoja kule juu ambaye jiko lake lilikuwa wazi, halafu anarudi kwenye kitambaa chake. Nimewaona watu wakiguswa na jibu hilo zaidi kuliko na kipaza sauti chochote.

Mama alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Siku zake za mwisho hospitalini nilimwomba baba, nje kwenye korido, aingie amwambie. Nilimwambia kwa heshima, nikatanguliza shikamoo kama siku zote. Alinijibu kwamba mama yangu anajua. Aliingia, akaomba maombi marefu mazuri juu yake, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaitikia amina. Alipotoka, mama alinitazama na kuinua mabega kidogo, kama anavyofanya mtu aliyekwenda sokoni akakuta bidhaa imekwisha.

Kwenye mazishi baba alimsifu kwa uvumilivu. Jirani alisimama kutaka kusema neno, mshereheshaji akamwambia muda umetubana. Akaketi.

Sasa mzee ni wangu, hapa Terrat. Miguu imemchoka, hawezi kukaa peke yake kule mlimani, na mdogo wangu anaishi mbali. Namwogesha, namkatia kucha, namchemshia uji. Wageni wa kanisa wakija kumjulia hali huwaambia kwamba hivi anavyotunzwa ni matunda ya malezi aliyotupa katika Bwana. Nawakaribisha chai.

Juzi alasiri tulikuwa wawili barazani, Mlima Meru umejitokeza bila wingu. Aliniuliza ghafla, "Mama yako alinisamehe?"

"Hukumwuliza, baba."

Vidole vyake vilichezea shuka. Nilifikiri labda sasa. Hata kwangu, kwa niaba yake, ningepokea.

"Mungu anajua," alisema.

Nikainuka kuanua nguo, kwa sababu zilikuwa zimekauka.