Begonia ya Mama Joséphine

Kwenye kitambulisho cha serikali aliandikwa jina lingine, maana miaka ile majina ya ubatizo yalikatazwa, lakini mtaa wetu wote, kartie ya Lumumba hapa Bunia, ulimwita mama Joséphine wa begonia. Ua hilo la begonia aliletewa na mume wake, papa Gérard, dereva wa lori, mwaka wa sabini na moja: jani moja tu, limefungwa katika kitambaa chenye maji. Miaka mitatu baadaye lori lilipinduka msituni, upande wa Mambasa, na papa Gérard akazikwa hukohuko kando ya barabara. Mama Joséphine hakuwahi kuliona kaburi hilo. Mtoto hakuwa naye. Alibaki na kopo la maziwa lenye lile ua, na akitaka kumlilia mume wake, alililia hapo.

Na kulitunza alijua, mtu asikudanganye. Alilikalisha dirishani penye mwanga wa asubuhi, maana jua kali la mchana huunguza majani yake. Udongo aliuchanganya na mchanga na majani yaliyooza, na chini ya kopo alitoboa matundu kwa msumari. Maji alitia kwa kijiko, tena baada ya kugusa udongo kwa kidole na kukuta umekauka. Kila binti wa kartie aliyeolewa alipewa begonia yake. Mama alikata mishipa ya jani kwa wembe, akalilaza juu ya mchanga wenye unyevu, akalibana kwa miiba, na baada ya majuma kadhaa vichipukizi vilitoka palepale palipokatwa. Watu walicheka, eti mama huyu anazalisha majani. Yeye pia alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa kifupi.

Mwaka wa themanini na tatu alilazwa hospitali kwa ajili ya tumbo, majuma matatu. Majirani hawakumwacha. Huyu alipeleka uji, yule alifagia nyumba, na kila aliyeingia kufagia aliona lile kopo akajisemea, masikini, ua la mama litakufa kwa kiu. Akamwaga kikombe. Kesho yake mwingine, kikombe. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki; ee, wale walimfaa kupita kiasi. Mama aliporudi, shina lilikuwa limelainika kama ndizi iliyooza. Angemgombeza nani? Aliwashukuru wote, akafunga mlango, akalia siku mbili.

Halafu akaanza kuwazungukia wale mabinti aliowapa begonia, kutafuta jani. Haya ilimshika, maana kwetu zawadi ya ndoa haiombwi tena, lakini aliimeza haya yake. Kwa Adèle begonia iliunguzwa na jua. Kwa Marie-Claire ililiwa na mbuzi. Valérie alihamia Kisangani na yake. Alibisha hodi nyumba kumi na moja, akatoka mikono mitupu. Ilibaki moja tu: ile ya Brigitte, aliyekufa akijifungua. Mama yake, Hortense, alikuwa ameipanda juu ya kaburi lake, chini ya kivuli.

Joséphine akaenda makaburini na wembe ndani ya kitambaa. Akamkuta Hortense anang'oa magugu. Hortense aliuona wembe ukichungulia kitambaani, akaelewa, maana yeye mwenyewe alikuwa amemwaga kikombe chake katika lile kopo. Akaacha magugu.

"Mama, weye unajua. Kitu ya kaburi haiingiake mu nyumba. Ningekupatia, lakini hii iko ya Brigitte."

"Najua, mama Brigitte. Nilikuja kuiona tu."

Alidanganya, na wote wawili walijua. Akapiga magoti, akagusa udongo kwa kidole, akamwambia Hortense asitie maji mpaka Jumapili. Akarudi nyumbani na wembe wake.

Aliishi miaka mitatu mingine na lile dirisha tupu. Asubuhi bado alilifungua, kwa mazoea, akakaa karibu nalo bila kazi ya kufanya.

Alipozikwa, Hortense alifika watu wakiwa bado hawajatawanyika, na jani moja ndani ya kitambaa chenye maji. Wakanong'ona, maana walijua limetoka wapi. Hortense hakuwaangalia.

"Ya kaburi inaweza kwenda ku kaburi," akasema.

Akakata mishipa ya jani, akamwaga mchanga kidogo, akalilaza juu yake na kulibana kwa miiba. Mtu mmoja akamsogezea kikombe cha maji. Hortense akakirudisha, akatoa kijiko katika pindo la kikwembe alichojifunga, akatia kijiko kimoja tu.