Chumba cha Skonzi Kati ya Mibuni na Barabara

Mama mkwe wangu alinipa kona ya kibanja chake Jumapili moja tukitoka kanisani. Hakutanguliza maneno. Alisimama pale migomba inapoishia, kando ya barabara iendayo Kaisho, akanyoosha mwavuli.

"Jiko lako la mikate lijenge hapa. Ila hii mibuni yangu mitatu isiguswe."

Nilikuwa nimeoka skonzi kwa miaka miwili katika jiko letu la nyumbani, kwenye sufuria yenye makaa chini na makaa juu ya mfuniko, macho yakinitoka machozi kwa moshi. Wenye vibanda vya chai walikuwa wakinilalamikia kila siku kwamba haziwatoshi. Sasa nilikuwa na mahali pangu! Nilipofika nyumbani sikuvua gauni la kanisani. Nilichomoa karatasi katikati ya daftari nikaanza kuchora.

Kufikia jioni nilikuwa na vyumba vinne: cha kukandia unga, cha tanuri, stoo, na cha kuuzia chenye baraza mbele. Mume wangu aliigeuza ile karatasi huku na huku.

"Mke wangu, hili ni jiko la mikate au zahanati?"

Nilicheka, lakini sikufuta hata mstari mmoja.

Fundi alikuja Jumanne. Ni mzee mfupi, mpole, na nyumba nyingi za kijijini kwetu zimepita mikononi mwake. Alipima kwa hatua kutoka kwenye mibuni hadi karibu na barabara, akarudi akipima tena.

"Mama, hapa kinaingia chumba kimoja. Hii mibuni imeshazeeka, tukiing'oa utapata viwili."

Mibuni ile aliipanda marehemu baba mkwe, na mama huichuma mwenyewe kila msimu, hataki msaada. "Haing'olewi," nilimwambia. "Tufanye hicho kimoja."

Moyo ulinishuka kidogo. Fundi akaliona hilo. Akanirudishia karatasi yangu, akasema, "Weka hiyo. Tuchore hapa hapa chini, halafu uingie ndani ufanye kazi. Nyumba ndogo lazima uijaribu kama nguo."

Tulichonga vigingi vya mkaratusi, tukavifunga kamba za migomba kuzunguka eneo lote. Mume wangu alibeba meza yangu ya kukandia kutoka nyumbani. Debe tuliloliinamisha likawa tanuri. Mama mkwe, aliyekuja kuhakikisha mibuni yake iko salama, akajikuta amekuwa mteja.

"Hodi!" aliita nje ya kamba.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nipe skonzi tano, za moto."

Niligeuka kuzitoa kwenye debe, nikajigonga nyonga kwenye meza. Tukaisogeza. Nikashika mti mrefu kama ule wa kutolea mikate tanurini, nikauvuta nyuma, ncha yake ikapita juu ya kamba hadi nje. Kama kamba ile ingekuwa ukuta, nisingetoa hata skonzi moja.

Hapo fundi akapiga makofi. "Tanuri litoke nje! Mdomo wake ubaki ndani, mwili wote uwe nje, na kibanda chake kidogo cha bati. Chumba kitakuwa kikubwa bila kuongeza tofali."

Tulilihamisha debe. Nikavuta tena ule mti, na mara hii nilikuwa na nafasi ya kuzunguka na sinia mikononi. Nilizunguka mara tatu pasipo sababu. Wapita njia walisimama kunitazama nikikanda hewa kwenye chumba kisicho na kuta, wala sikuona haya.

"Na hilo dirisha la kuuzia?" mama mkwe aliuliza. Nilikuwa nimeliweka upande wa barabara. Alitikisa kichwa. "Mvua ya hapa inatoka kwenye kile kilima. Wateja wako wataloa. Liweke huku kwenye mibuni."

Tukaliweka huko.

Yaliyofuata yalikwenda mbio, au mimi ndiye niliyekuwa nikikimbia. Mawe ya msingi tuliyakusanya shambani. Matofali tuliyafyatua bondeni, tukayachoma wenyewe. Mume wangu alibandua bati za stoo yake ya zamani ya maharage, akaziba matundu ya misumari kwa lami. Kila asubuhi kabla ya chai nilikwenda kutazama ukuta umefika wapi, kama vile ungeweza kukua usiku.

Siku ya kuoka mara ya kwanza, skonzi za mwanzo ziliungua chini. Niliwasha moto mkali mno, nikaziingiza kabla joto halijapoa. Sikuzitupa, fundi alikula nne akisema amewahi kula mbaya zaidi. Nilisubiri, nikatia mkono mdomoni mwa tanuri hadi nikaweza kuvumilia kuhesabu kumi, ndipo nikaingiza sinia la pili.

Zilitoka zimevimba, rangi ya udongo wetu. Harufu ilivuka barabara. Mwenye kibanda cha chai aliyekuwa akinilalamikia kuliko wote alisimamisha pikipiki, akachungulia dirishani bila kuvua kofia ngumu.

"Ziko ngapi?" aliuliza.

"Nyingi," nilimjibu. Lilikuwa neno ambalo sikuwahi kumwambia.