Bolti ya Nane

Hebu mwone anavyoingia. Kifua mbele, ovaroli safi kama anakwenda kupigwa picha, spana moja mfuko wa nyuma, na sikioni kalamu ambayo sijawahi kuiona ikiandika. Huyo ndiye fundi wetu wa mashine za boti. Mtaani tunamwita Jicho, kwa sababu tangu azaliwe hajapima kitu. Ukimwonyesha rula anakucheka. "Rula ya nini, na macho ninayo mawili?"

Siku hiyo alikuja uani kwa mama mkwe wake kuifungua mashine na kuiunda upya. Mama huyu huvusha abiria mtoni, na Jumatatu alikuwa aanze kuwavusha walimu na wanafunzi wa shule ya ng'ambo, kila asubuhi na kila jioni. Mashine ikikohoa siku ya kwanza tu, kazi inahamia boti nyingine. Jicho aliambiwa hivyo mara tatu, na mara zote tatu alijibu, "Mama, hiyo kazi ndogo."

Mashine yenyewe ilikuwa ya zamani, ya aina ambayo hata walioitengeneza wameshaisahau. Kifuniko cha silinda kilishikwa na bolti nane: sita ndefu, mbili fupi. Mke wake, ambaye ni fundi cherehani, alimletea kadibodi aliyoichora umbo la kifuniko na kuitoboa matundu manane.

"Kila bolti unayotoa, ichomeke kwenye tundu lake," alimwambia. "Mimi nikifumua koti la mtu, vifungo vyake naviweka hivyo hivyo."

"Mama watoto, hii ni mashine, si blauzi."

Akaichukua kadibodi, akaitandika chini, akaipigia magoti. Ilimfaa sana. Ovaroli haikuchafuka.

Basi bolti zikatoka, zikamwagwa kwenye kopo moja kama maharage. Ya mwisho, moja ya zile fupi, ilikuwa imeliwa na kutu, ikamkatikia mkononi. Kipande kilichobaki ndani alikitoa, tumpe haki yake, kwa jasho la asubuhi nzima, nikaanza kufikiri labda tunamwonea. Halafu akavirusha vipande vyote viwili nje ya ukuta. Ile fupi nyingine, ambayo ingemwonyesha urefu, ilikuwa humo humo koponi, hakujisumbua kuichambua. Akaenda kutafuta pacha wa kitu ambacho hakuwa nacho.

Alizunguka maduka manne, maana bolti zenye meno ya mashine kuukuu kama ile hazipatikani hovyo. Katika la nne, la vifaa vya ujenzi, muuzaji akamtolea moja inayong'aa.

"Urefu ni huu?"

Jicho akafinya jicho. "Ni huu huu."

Sasa nikueleze wewe polepole, maana yeye hakutaka kuelezwa. Bolti ikizidi urefu, hata kwa unene wa ukucha, ncha yake inagota mwisho wa tundu kabla kichwa hakijakibana kifuniko. Mkono unahisi imekaza, kumbe kifuniko hakijashikwa na kitu. Fundi mwenye akili angeuona upenyo chini ya kichwa, angeitoa, angeikata ncha, angeipaka grisi, angeirudisha. Dakika kumi. Jicho naye aliuona upenyo. Akachomeka bomba kwenye spana, akavuta kwa uzito wake wote.

Uani tukasikia *tak!*

"Nini hicho?" mama mkwe akauliza kutoka jikoni.

"Imekaa, mama! Hiyo ndiyo sauti ya kukaa!"

Ufa uliotokea ubavuni mwa silinda, chini ya bolti ile, akauziba kwa gundi ya chuma, akaupaka rangi ambayo haikufanana hata na mashine. Mke wake alimwona. Akaingia moja kwa moja jikoni kwa mama yake.

Jumapili mchana tulikuwa gatini, mashine imeshafungwa nyuma ya boti.

"Tayari, mama," Jicho akatangaza. "Pakia shule nzima na madawati yake."

"Ahsante, mkwe wangu," mama akasema, kwa sauti laini mno. "Basi panda. Nenda ng'ambo peke yako, urudi. Makasia nimeyaacha nyumbani, hatuyahitaji tena, au siyo?"

"Mimi tena, mama? Na tumbo hili, tangu asubuhi…"

"Ulilipima kwa jicho?" mke wake akauliza.

Gati zima likacheka. Mvuvi mmoja akapaza sauti, "Acha hiyo spana, kaka, iwe urithi wa watoto!"

Mama mkwe hakucheka. "Mwanangu, kama kuna la kusema, liseme hapa, mbele ya hawa. Fundi wa gati la juu ananisubiri. Akiianza leo, kesho navusha. Kama hakuna, panda."

Mguu mmoja Jicho alikuwa ameshautia botini, mwingine ungali gatini, na boti ikawa inaondoka taratibu, inamtanua. Nawe unayecheka hapo ulipo, ungeinua mguu upi?