Kanze Alivyoanguka Mahojiano

Shirika letu silitaji jina. Ni la serikali, liko kisiwani, na aliyewahi kuzungushwa pale na barua mkononi atalijua mwenyewe. Mimi Mwanaesha nilikaa mapokezi miaka ishirini na sita. Hakuna aliyeingia wala kutoka bila kunipita.

Kanze alikuwa masjala, chumba cha nyuma kisicho na dirisha, mafaili yamepangwa mpaka darini. Alikuja kutoka Kaloleni kama kibarua wa kufagia, karani wa zamani akamwonyesha kazi, karani akafa, kazi ikabaki kwake. Kila karatasi iliyoingia aliipa namba kwa wino mwekundu kwenye pembe ya juu, akaifungia mahali pake. Ukimwomba barua ya miaka kumi nyuma, utaipata kabla chai yako haijapoa. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa kwa mkataba wa miezi sita sita. Kila nafasi ilipotangazwa aliomba, na kila mara alijibiwa asubiri. Alitaka barua moja tu, ya ajira ya kudumu, ili uzee usimkute kwenye chumba cha kupanga Tononoka bila pensheni, na ili mtu asiamke siku moja akamwambia usije kesho.

Halafu kulikuwa na hawa wa mkurugenzi. Mkurugenzi mwenyewe aliletwa na siasa, naye akaja na watu wake. Jeremy alimshikia simu na kumfungulia mlango wa gari. Beryl alipanga sherehe. Tony kazi yake ilikuwa kumsifu bwana mitandaoni tangu asubuhi, na kwa hilo alipewa meza, kiti cha kuzunguka na cheo cha mshauri. Mikataba yao ilisema wazi kuwa kazi inaisha siku bwana wao anapoondoka. Hakuna aliyelalamika, maana walidhani hataondoka.

Uchaguzi ukaja, upande wao ukashindwa. Kabla serikali mpya haijaapishwa, zikazuka nafasi tatu za kudumu: moja ya masjala na mbili za ofisi ya wafanyakazi. Zilitangazwa wapi, Mungu ajua. Nimeona uchafu mwingi katika kazi ya serikali, lakini kama ule sikuwahi kuuona. Watu ambao jana walikuwa wakibeba mikoba ya mkubwa walikuwa wakikimbizana koridoni na vyeti vyao, kama panya walioona paka mlangoni.

Siku moja mchana Kanze akanijia na karatasi. Juu iliandikwa kuwa ni orodha ya waliohudhuria mahojiano. Majina yalikuwa sita. Jeremy, Beryl na Tony walikuwa juu, wameshatia sahihi. Chini yao alikuwa Kanze na wafagiaji wawili. Sheria yataka washindani, na mshindi hapatikani bila wa kushindwa.

"Dada Mwanaesha, mahojiano haya yamefanywa lini?" akaniuliza.

"Hayakufanywa. Wangepita hapa ningewaona."

"Jeremy asema nitie sahihi tu, ni utaratibu. Asema kuna awamu ya pili kabla hawajaondoka, na jina langu ndilo la kwanza."

Nilimtazama. Ningeweza kumwambia airarue karatasi ile. "Tia sahihi, Kanze," nikamwambia. "Hawa angalau wakujua. Hao wajao wewe kwao ni nani?"

Akatia sahihi pale pale, juu ya meza yangu, kwa mwandiko wake mzuri.

Baada ya siku mbili karatasi ya alama ikaletwa masjala ili ifungiwe. Akaja kunionyesha tukiwa twala viazi karai. Jeremy alipata themanini na nane kwa mia. Huyo Jeremy alikuwa hajui hata faili hufunguliwa upande gani. Kanze alipata ishirini na tisa, na pembeni wakaandika: hana ufahamu wa kutosha wa kazi za masjala. Kanze akacheka kidogo, kisha akaacha kula. Tulipomaliza mapumziko akarudi chumbani kwake, akaipa karatasi namba kwa wino mwekundu na kuifungia mahali pake. Kwa mikono yake aliwapangia faili safi lisilo na doa.

Awamu ya pili haikuja. Mkurugenzi akaondoka, na watu wake wakabaki. Tony akapewa nafasi ya masjala kwa jina tu, Beryl na Jeremy wakakalia ofisi ya wafanyakazi, na mafaili ya wanaokaribia kustaafu yakawa mezani kwa Jeremy, langu likiwamo.

Mkurugenzi mpya aliitwa Bi Janet. Alituambia siku ya kwanza kwamba amekuja kufagia, nasi tukapiga makofi. Akaleta wakaguzi wakapekua siku tatu. Wakakuta tangazo, orodha, alama na barua, kila kitu kwa namba yake. Wale watatu hawagusiki, wakasema, wanalindwa na sheria. Basi ufagio ukageukia wa mikataba. Aliyewahi kuhojiwa kwa nafasi ya kudumu akashindwa, mkataba wake hautaongezwa. Jina la Kanze likawa la kwanza.

Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Kanze alikataa. Alikusanya mafaili yote ya ajira zile, akapanda nayo juu kwa Bi Janet na kumwambia mahojiano hayakuwapo. Nikaitwa mimi, na Jeremy akaitwa pia.

Bi Janet alifungua faili akalielekeza kwa Kanze. "Mama, sahihi hii ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Kwa hivyo ulidanganya siku ile, au wadanganya leo?"

"Siku ile," Kanze akasema. "Muulize dada Mwanaesha. Yeye ndiye mlango wa ofisi hii."

Bi Janet akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ya upole, na naamini alitaka kujua kweli. "Bi Mwanaesha, siku hiyo watu walihojiwa hapa?"

Nilikuwa nimebakisha miezi minane nistaafu. Jeremy alikaa karibu na dirisha, miguu ameikunja nne, akichezea kalamu. Hakuninong'oneza neno wala hakunikunjia uso. Hakuwa na haja.

"Walihojiwa," nikasema.

Pensheni naipata kila mwezi. Kuna siku naiona kama matapishi, na bado naila.

Siku ile Kanze hakunitazama. Alifunga faili, akalipanga juu ya mengine, akamuuliza Bi Janet kama ayarudishe masjala au ayaache pale pale.