Lenzi ya Shikamoo

Majuzi nilimsindikiza shangazi kliniki ya macho hapa Kilosa. Mbele yetu alikaa mzee wa Lumuma na mkewe, daktari akimweleza kuhusu kutolewa mtoto wa jicho. Akiwekewa lenzi ya mbali, atasomea miwani. Akiwekewa ya karibu, atatembea na miwani. Tena vijidudu vikiingia, jicho linaweza kupotea, ingawa ni mara chache.

"Chukua ya karibu," mkewe akamnong'oneza. "Utusomee Zaburi."

Mzee akatikisa kichwa. "Zaburi ninazo moyoni. Daktari, wiki iliyopita nilimwamkia kijana wa bodaboda shikamoo. Akaitikia marahaba! Niwekee ya mbali, nimjue mtu kabla hajafika."

"Na hatari umeielewa, babu?"

"Itazidi ile marahaba?"

Tuliporudi kliniki siku chache baadaye, mzee alikuwa benchini, ameshawekewa lenzi na bandeji imeshatolewa. Kijana mmoja akaingia getini. Mzee akamkazia macho mpaka akafika.

"Shikamoo, babu."

"Marahabaa!" Aliivuta kama chai ya moto.

Nina kijana jirani kule kwetu Mabwerebwere, macho yake mazima kabisa, na hunipita kila asubuhi bila salamu. Huyo sijui atawekewa lenzi gani.